Fundi Obadiah na Sensa ya Ndege wa Mwakishimba

Wewe unayesoma hapa, unaweza kutaja ndege watatu wanaolia nje ya dirisha lako sasa hivi? Kuku hahesabiwi. Kunguru naye mwondoe, maana huyo hajifichi wala hahitaji mtaalamu. Nasema wale wadogo, wa ukubwa wa kidole gumba, wanaopita kwenye ua kabla hujapata miwani yako.

Niliwahi kuuliza swali hili Voi, katika ukumbi wa hoteli uliojaa watu wa mazingira. Kila mtu alikuwa na chupa ya maji mbele yake na kalamu mpya ambayo hakukusudia kuitumia. Nje ya dirisha kwera, wale ndege wa manjano, walikuwa wanasuka viota kwenye mgunga na kupiga kelele kama soko. Watu walitazamana. Mwishowe bwana mmoja mwenye tai akasema, "Hao ni ndege wa kawaida tu," na mkutano ukaendelea na mada yake, ambayo ilikuwa kuokoa viumbe hai.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya mazingira na hasira isiyo na ajira. Shahada imechakaa kidogo. Hasira bado ni mpya. Ndiyo maana naandika habari za Obadiah Mwandawiro wa Wusi, mtu ambaye angelijibu swali langu hata kama nje hakuna ndege.

Obadiah ni fundi wa simu. Kibanda chake kiko Wundanyi, kimebanwa kati ya duka la mbolea na ofisi moja ambayo saa zake za kufunguliwa hazijulikani na mtu. Wanaoingoja ofisi hiyo humpa simu zao azichaji, na kwa kuwa wanangoja sana, Obadiah hula vizuri. Hubadilisha vioo, hukausha simu zilizoanguka chooni bila kuuliza zilifikaje huko, na huweka nyimbo za injili kwenye memori kadi.

Ndege walimjia kikazi. Kiongozi mmoja wa watalii alimletea simu iliyokufa, na ndani yake kulikuwa na sauti za ndege badala ya nyimbo. Obadiah alipoifufua, alipiga sauti moja ili kujaribu spika. Ndege mdogo akashuka kutoka kusikojulikana, akatua juu ya waya wa stima na kuifokea simu ile kwa ghadhabu mpaka ikazimwa.

"Nilikuwa nimetengeneza simu tangu ujana wangu," huwa anasimulia, "na hakuna mteja aliyewahi kurudi kuniambia kama spika inafanya kazi sawasawa. Ndege alirudi."

Tangu siku hiyo akaanza kurekodi. Kila Jumapili baada ya kanisa, na wakati mwingine kabla ya kanisa kwisha, alipanda milima na simu mkononi. Akawawekea viongozi wa watalii sauti zake, kutoka Wundanyi hadi Voi hadi wale wanaongoja magari ya wageni Miasenyi. Leo ukisikia simu ya kiongozi yeyote wa watalii katika kaunti hii ikilia kama ndege, ujue huyo ni ndege wa Obadiah.

Si mtu mnyenyekevu. Mazishini, mhubiri akiwa katikati ya habari za vumbi na mavumbini, Obadiah huinua kidole kwenye umati na kunong'ona kwa sauti inayofika kaburini, "Chozi. Dume." Waombolezaji hugeuka kumtafuta ndege huyo. Mhubiri hungoja. Katika kanisa lake amekatazwa kukaa karibu na dirisha.

Nilipomwendea anifundishe, nilikwenda na kitabu kikubwa chenye picha za rangi na darubini ya kuazima. Alivitazama vyote viwili kama mtu anayetazama simu iliyoingia maji.

"Wewe Digrii," aliniambia, na jina hilo likanikaa, "weka kitabu chini. Ukifika ukurasa wake, ndege ameshafika Taveta."

"Sasa nitamjua kwa nini? Rangi?"

"Rangi ni ya watalii. Msituni kuna giza. Kila ndege ni mweusi mpaka afungue mdomo."

Akanikalisha chini ya ua wa shamba lake na kunifumba macho kwa kofia yake, ambayo ilinuka risasi ya kuchomelea. Kulikuwa na ndege wawili wa kahawia mle uani, ambao kitabuni walifanana kama mbegu mbili za maharage. Mmoja alilia kama mtu anayetikisa kiberiti kusikia kama kimebaki kijiti. Mwingine alilia kama breki ya baiskeli kwenye mteremko. Baada ya asubuhi moja sikuweza tena kuwachanganya, na baada ya asubuhi kadhaa nikaanza kusikia kwamba Wusi yote imejaa watu wadogo wanaozungumza, nami nilikuwa nimekaa kati yao miaka yote nikidhani ni kelele.

Hilo namshukuru. Lakini sitaki umfanye mtume. Kuna wakati alitangaza katika redio kwamba ndege adimu, asiyejulikana na vitabu, amehamia nyumbani kwake na kuimba kila alfajiri. Watu wawili walitoka Voi kuja kumsikiliza. Mkewe, Wakesho, akachukua mafuta ya kupikia na kupaka bawaba za mlango wa choo, na ndege akanyamaza.

"Amehamia kusini," Obadiah aliwaambia wageni.

"Amehamia kwenye chupa ya mafuta," Wakesho akasema, na kuwakaribisha chai.

Sasa kuhusu apalisi. Apalisi wa Taita ni ndege mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi, jicho jeupe na mkia mrefu, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima yetu hii. Nako wamebaki wachache sana. Sauti yake ni chip-chip-chip-chip ya haraka, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Obadiah alikuwa na rekodi yake moja nzuri, aliyoinasa miaka mingi iliyopita pembeni mwa Mwakishimba, kile kijisitu kilicho juu ya nyumba yake. Rekodi hiyo inaanza na chip-chip-chip safi kabisa. Halafu, kutoka mbali, inasikika sauti ya Wakesho: "Derriiick, uji unapoa."

Derrick ni mtoto wao. Siku hizi ana ndevu na kazi ya kusimamia mizigo Voi, wala hapendi mazungumzo haya. Fundi mwenye vifaa vyote vile angeweza kuikata sauti ya mkewe kwa dakika moja, na viongozi wa watalii walimwomba mara nyingi aikate. Alikataa.

"Hiyo ni sehemu ya mazingira," alisema.

Yeye mwenyewe akiipiga, kidole gumba chake huizima kabla Wakesho hajaanza. Wengine hawana kidole hicho. Kwa hiyo Derrick ameitwa kunywa uji katika kila msitu wa milima ya Taita, mbele ya wageni wa mataifa mengi.

Hayo yangebaki kuwa kichekesho kama kamati ya msitu isingepata wazo. Kamati hukaa muda mrefu bila wazo, na likija huwa kubwa. Wazo lilikuwa kukata miti yote ya asili ya Mwakishimba na kupanda mikaratusi, itakayouzwa kuwa nguzo za stima. Chini ya mizizi ya msitu ule hutoka chemchemi. Chemchemi hiyo ndiyo inayonywesha shamba la Obadiah, na mashamba mengine yaliyo chini yake, na hakuna mkulima wa Wusi asiyejua mikaratusi hufanya nini ikikaribia maji. Obadiah alisimama mkutanoni na kusema hivyo. Mwenyekiti akamjibu kwamba chemchemi haimo katika ajenda.

Kisha mradi mmoja wa uhifadhi ukatokea Nairobi na mfadhili wake mgeni, ukasema hivi: ikithibitishwa kwamba apalisi anaishi Mwakishimba, msitu hautaguswa na msumeno. Asipopatikana, mradi hauna la kusema.

Ulisoma vizuri? Msitu nao uliombwa kitambulisho. Maji hayakutosha. Watu wanaoyanywa hawakutosha. Ilibidi atafutwe ndege mmoja mashuhuri wa gramu chache aje kutoa ushahidi, na asipokuja, miti ihukumiwe. Nilipomwambia Obadiah kwamba huu ni wazimu wenye mhuri, alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kweli, Digrii," akasema. "Lakini mimi ndege nilimsikia."

"Lini?"

"Wakati wa mvua zilizopita. Nikiwa kitandani. Aliimba mara moja akaacha."

"Haikuwa choo?"

Hakucheka. "Nilikwenda kuangalia choo kwanza," alisema.

Basi siku ya sensa ikapangwa. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Wusi asubuhi hiyo, na uwanja wa shule ya msingi ulikuwa na mahema meupe, viti vya plastiki na sufuria ambazo Wakesho na kina mama wengine walikuwa wanazihangaikia tangu giza. Kabla ya mtu yeyote kuingia msituni tuligawiwa fulana za kijani zilizoandikwa kifuani: NIMEMSIKIA APALISI. Nikauliza kama kuna zilizoandikwa kwamba sijamsikia. Mwenyekiti, mzee nadhifu mwenye fimbo asiyoihitaji, aliniambia vijana wa siku hizi wana shida ya mtazamo.

Tuligawanywa makundi mawili. Kundi la mashariki liliongozwa na Obadiah, spika imefungwa kifuani mwake kwa mkanda wa begi. Mimi nilikuwa humo. Kundi la magharibi liliongozwa na Lorine Muhonja, afisa wa mradi, msichana aliyekulia nyumba za reli kule Voi, ambaye wazazi wake walitoka Umaragoli na hawakurudi. Lorine ni mfanyakazi hodari, na alikuwa ameshika simu iliyojazwa sauti na unajua nani. Mwenyekiti alibaki kwenye hema pamoja na mfadhili, mama mmoja mwenye mvi na uso wa upole, aliyejua maneno mawili ya Kiswahili: asante sana.

Utaratibu ulikuwa huu. Unapiga sauti ya apalisi kwa spika. Unanyamaza. Apalisi wa kweli akisikia mgeni kwake hukasirika na kujibu. Akijibu, unamhesabu, unasogea mbele, unapiga tena. Ni njia inayojulikana na yenye heshima zake. Lakini katikati ya Mwakishimba kuna bonde lenye miti iliyofungamana na mimea ya mitambaa, ambapo huwezi kumwona mtu aliye hatua chache mbele yako, na makundi yetu mawili yalikuwa yanaingia kutoka pande mbili, kuelekeana.

Obadiah akapiga. Chip-chip-chip-chip, kidole gumba, kimya. Tukangoja. Matone ya ukungu yalidondoka juu ya majani.

Kutoka ng'ambo ya bonde, mbali sana: chip-chip-chip-chip.

Sijui nikueleze vipi uso wa mtu yule. Alinishika mkono.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Nilisema. Nilisema wakaniambia ni choo."

Tukasogea. Akapiga tena. Ndege akajibu, safari hii karibu zaidi. Tukapiga upande wa kulia, akajibu upande wa kulia. Mwenzetu aliyekuwa anaandika alishindwa kuandika haraka. Mwakishimba, ambamo kwa mwaka mzima hakuna aliyesikia apalisi ila Obadiah kitandani mwake, palikuwa pamejaa apalisi kama kumbikumbi baada ya mvua. Obadiah alikuwa analia na kutabasamu, na alikuwa ameacha kunong'ona.

"Huyu ni dume," alisema. "Sikia anavyobishana. Ananiambia nirudi nyuma. Rudi wewe, bwana. Mimi nimezaliwa hapa."

Akapiga tena. Tukangoja. Kutoka nyuma ya pazia la mitambaa, karibu kiasi cha kurushiana jiwe, yule dume akajibu kwa hasira yote: chip-chip-chip-chip. Halafu akasema: "Derriiick, uji unapoa."

Hakuna aliyesogea.

"Mama Derrick si yuko kwenye sufuria kule shuleni?" akauliza yule mwandishi wetu, polepole.

Obadiah aliitazama spika iliyo kifuani mwake. Mitambaa ikafunguka na Lorine Muhonja akatokea, matope mpaka magotini, simu juu, uso unang'aa kwa furaha.

"Wako wengi mno," alisema. "Kila tukipiga wanajibu. Nimetuma hesabu Nairobi moja kwa moja kutoka kwenye simu. Hebu niambieni nyinyi mmepata wangapi?"

"Tumekupata wewe," Obadiah akasema.

Tulitelemka. Chini, nyuma ya sufuria, Obadiah alikaa juu ya gunia la makaa, na Wakesho akanitaka nimweleze kilichotokea, maana mumewe hakuweza. Nilimweleza. Alisikiliza huku akikoroga, na bega lake likaanza kutikisika.

"Kwa hiyo nimehesabiwa," alisema.

"Mara kadhaa, mama."

"Nimewapikia, na nimewalilia msituni pia. Na bado fulana sikupewa."

"Wakesho, tafadhali," Obadiah akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe unasemaje, Digrii? Nikinyamaza, miti inabaki. Chemchemi inabaki. Hakuna atakayejua isipokuwa sisi."

Ningependa kusema kwamba nilifikiri kabla ya kujibu. Sikufikiri. Nilimwambia kwamba msitu unaosimama juu ya uongo utaangushwa na uongo mwingine, kwamba tukianza kuhesabu spika hatutajua tena tulichonacho, na kwamba apalisi, kama yuko, ana haki ya kutosingiziwa. Niliongea kwa kirefu. Mwiko wa Wakesho ulisimama.

"Huyu mtoto hana shamba," alimwambia mumewe.

"Hana," Obadiah akakubali. "Lakini na mimi nikisema ndege yupo, nataka awepo. Ndiyo kazi yangu yote hiyo. Nikishaanza kuhesabu simu, mimi ni nani? Fundi simu."

"Wewe ni fundi simu."

"Ndiyo, lakini usiseme hivyo."

Akasimama, akajipangusa makaa, akaenda kwenye hema.

Huko sherehe ilikuwa imeshaanza bila matokeo kungojewa. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba apalisi wa Mwakishimba wameongezeka kuliko matarajio, na mfadhili alikuwa amesema asante sana na kupigiwa makofi. Obadiah aliomba kipaza sauti. Alipewa kwa heshima zote, kama shujaa wa siku, na akasema ukweli wote, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu uwanjani. Alisema hapakuwa na ndege. Alisema tulikuwa tunajibizana kwa simu, watu wazima na akili zetu, kutoka ng'ambo moja ya bonde hadi nyingine. Alisema sauti ile ni yake ya zamani, na sauti iliyofuata ni ya mkewe. Alisema anaomba sensa irudiwe bila spika, hata kama ni kukaa msituni kwa siku nyingi, na kwamba wakati huo wote msumeno usiingie, kwa sababu ya maji.

Mfadhili akamgeukia mwenyekiti ili amfasirie. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akainamia sikio lake, akasema kitu kifupi sana. Uso wa yule mama ukachangamka. Akainuka, akaushika mkono wa Obadiah kwa mikono yake yote miwili, macho yamejaa machozi.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Nimemwambia fundi anasema amefurahi."

"Amesema hakuna ndege."

"Kijana," mwenyekiti akasema bila kugombana, "yeye ni fundi, ni mtu wa unyenyekevu. Mtu mkubwa husema hajafanya kitu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Obadiah Mwandawiro kuitwa mnyenyekevu hadharani, na sidhani ilimpendeza.

Nilimfuata Lorine. Alikuwa amekaa nyuma ya hema, amepauka, anaisikiliza rekodi kwenye simu yake mpaka mwisho, pengine kwa mara ya kwanza.

"Nilidhani ni mtu anapita," aliniambia. "Kila mahali nilidhani kuna mtu anapita."

"Andika Nairobi uwaeleze."

"Nimeandika. Wamenijibu pongezi. Wanasema ripoti imeshapelekwa juu na makosa madogo yatarekebishwa mwakani."

Nikaomba nafasi ya kuongea. Mwenyekiti alitangaza kwamba vijana watapewa nafasi mwishoni. Mwishoni palikuwa na sala ya kufunga, na mchungaji alimshukuru Mungu kwa ndege wa angani wasiohesabika. Wanakijiji waliitikia amina kwa nguvu nyingi. Walikuwa wamesikia kila neno la Obadiah, wale, na wote walikuwa wanakunywa maji ya chemchemi ile. Walikula wali, wakakunja fulana zao, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyedanganya mtu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi: msitu uliokolewa siku nzima na uongo ambao hakuna mtu aliyeusema.

Nililala kwa Obadiah. Aligeukia ukuta mapema. Wakesho alitandika mkeka, akaniambia nisijali, atakuwa sawa akisikia ndege.

Kesho yake asubuhi gari la mizigo likapanda kutoka Wundanyi na kusimama njiani, mahali Mwakishimba inapoanza. Tulitoka na Obadiah kuangalia. Mwenyekiti alikuwa ameshuka na vijana wawili wa mradi, mpiga picha, Lorine mwenye macho mekundu, na bango kubwa la bati lililopakwa rangi: MSITU HUU UMEHIFADHIWA KWA AJILI YA APALISI WA TAITA. Ndege aliyechorwa chini ya maandishi alikuwa wa manjano, mwenye mdomo mnene, na ungeweza kumwona kwenye mgunga wowote wa Voi. Obadiah alimtazama kwera yule kwa muda. Nikangoja. Kidole chake hakikuinuka.

Tatizo la mwenyekiti lilikuwa lingine. Bango lilipaswa kuonekana kutoka barabarani, na mbele ya mahali palipochaguliwa ulisimama mti mkubwa wa asili, mzee, wenye ukoga na mizizi inayoshuka kuelekea chemchemi.

"Huu tu utoke," alisema. "Bango lisipoonekana, watu watajuaje kwamba msitu umehifadhiwa?"

Kijana mmoja akatoa msumeno wa petroli garini. Nikaanza kupiga kelele. Nilitaja sheria, nilitaja ripoti yao wenyewe, nilitaja vizazi vijavyo. Kijana alivuta kamba, msumeno ukakohoa. Mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba nitapewa nafasi.

Ndipo Obadiah alipotembea mpaka chini ya mti, akainua uso, akainua kidole chake.

"Nyamazeni," alisema.

Msumeno ukazimwa.

"Kiota," Obadiah akasema. "Cha apalisi. Tawi la pili, pale penye ukoga. Mayai mawili."

Wote wakaja chini ya mti na kutazama juu. Kamera ya mpiga picha ilipanda. Mwenyekiti aliweka mkono juu ya macho, akakaza uso, akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nakiona," alisema.

"Hata mimi," akasema mpiga picha.

"Kimejengwa vizuri," akasema kijana wa msumeno.

Lorine alitazama juu kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akamtazama Obadiah, na Obadiah akamtazama yeye, na Lorine akatoa simu yake na kuandika.

Nilitazama nami. Kulikuwa na majani, ukoga, na kipande cha karatasi ya plastiki ya buluu kilichopeperushwa huko na upepo siku nyingi zilizopita. Mwenyekiti alinigeukia. "Wewe wa chuo," akasema, "si unakiona?"

Obadiah hakunitazama. Alikuwa anatazama msumeno.

"Nakiona, Mzee," nikasema.

Wakaurudisha msumeno garini, wakalishika bango, wawili huku na wawili kule, na kulipeleka upande wa chini wa msitu, kwenye mteremko usio na njia. Walilisimamisha huko likitazama bondeni, na hadi saa ya chai lilikuwa limeshasomwa na mbuzi.